Kanuni za chakula ziwafikie wenye mashine za kusaga

Mhariri,

Naandika kuhusu namna kanuni za usalama wa chakula zinavyotungwa. Tangu Julai 2019 usimamizi wa chakula uko TBS (Shirika la Viwango Tanzania), TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) ikabaki na dawa na vifaa tiba. Kiwango cha juu cha sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu wa nafaka, kwenye mahindi kipo: mikrogramu 10 kwa kilo. Lakini mahindi ya kijijini hayapiti maabara. Yanaanikwa chini uani, yanapelekwa mashineni, jioni ni ugali. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara, watoto wakiwemo.

Naomba rasimu za kanuni zisomwe kwa Kiswahili kwenye mikutano ya vijiji kabla hazijasainiwa, na wenye mashine waulizwe wanachoweza kutekeleza. Maturubai ya kuanikia yatangulie, faini zifuate.

Msomaji, Kondoa