Mama, mtulize mtoto kwanza

Kadutu, Bukavu
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa, mama yangu,

Pokea salamu zetu sote. Sisi huku tunapumua, na mengine ya huku siyaandiki. Ile sauti ya kipindi chako cha redio uliyotutumia tumeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa ya fahari tu. Mdogo wako aliitumbukiza simu ndani ya kikombe cha bati ili sauti ipae, mama yako akainama juu yake kama anayechungulia sufuria, akasema, "Ni yeye kweli, sikia anavyovuta pumzi." Mara ya pili niliisikiliza peke yangu, mezani pangu pa kazi. Mara ya tatu nilishika kalamu.

Unaijua kazi yangu. Tangu hujazaliwa natengeneza redio za watu, na fundi redio ana kilema chake: hasikii maneno, anasikia inapokwaruza na inapokatika. Basi nimehesabu dakika. Yule mzee aliyepiga simu kutoka Katuba, hapo mjini kwenu, ulimwachia dakika sita. Mama aliyemfuata hakumaliza hata moja.

Nianze na mzee. Alisema vita itashuka mpaka Kalemie, kisha itawafikia ninyi hapo Lubumbashi, na ikifika haitamkuta mwanaume hata mmoja, kwa kuwa wamama wamewalea vijana kama mayai. Vijana wanafua, wanapika, wanalia. Akakutupia methali, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Akasema zamani mtoto wa miaka kumi na mitano alikuwa mwanaume kamili. Akafunga na sheria: mume ndiye kichwa cha nyumba, imeandikwa. Nawe muda wote, "Ndiyo, papa. Kweli, papa."

Kuitikia wazee tulikufundisha sisi, sikulaumu. Lakini msikilizaji wa huku nje haoni kwamba unaitikia kwa adabu. Anasikia redio inakubali.

Kwa sheria hakudanganya, alisema nusu. Kifungu cha 444 cha sheria ya familia kinamwita mume kichwa cha nyumba mpaka leo. Ila sheria hiyohiyo ilirekebishwa Julai 2016, na tangu hapo mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume ili atie sahihi mkataba au asimame mahakamani. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika karatasi ya ruhusa, mama yako apate kukodi meza sokoni kwa fedha zake mwenyewe. Niliiandika kwa mwandiko wa madaha, nikapiga na mstari chini ya jina langu. Meza hiyo ndiyo iliyokusomesha.

Na hiyo miaka kumi na mitano. Mwaka 1996, AFDL, waasi wa Kabila, walipoingia hapa, tuliwaona hao "wanaume kamili" wake. Tuliwaita kadogo. Mmoja aliniletea redio, akaweka bunduki juu ya meza yangu kama mtu anavyoweka kofia, akaniomba nimtafutie stesheni yenye muziki. Sauti yake ilikuwa bado haijavunjika. Nilimtafutia, akakaa akitingisha mguu, akasahau kabisa kama ana bunduki, mimi ndiye sikusahau. Kama ungetaka cha kumjibu mzee, kipo: sheria yetu ya Januari 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Na mwaka 2012 mahakama ya kimataifa ya The Hague, katika hukumu yake ya kwanza kabisa, ilimtia hatiani Thomas Lubanga, mkuu wa wapiganaji wa Ituri, kwa kuwaingiza vitani watoto wasiofika miaka 15, akapewa kifungo cha miaka 14. Kwa hiyo anachokiita malezi kina jina lingine mbele ya hakimu.

Utasema papa, ni mzee tu, anapunguza hofu yake. Huenda. Lakini mimi mazungumzo ya vita yanayoanzia kwa wanawake yananitia wasiwasi kuliko yale yanayoanzia mpakani, na nitakueleza kwa nini.

Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka mto Ruzizi, nilipata redio nyingi kuliko mwaka wowote wa maisha yangu. Zimeloa, zimekanyagwa. Wengine waliniambia niwatafutie RTLM, ile redio ya chuki ya Rwanda, kana kwamba imepotelea ndani ya kasha na mimi nina bisibisi ya kuitoa. Nilikuwa kijana, nikachukua fedha, nikalehemu waya. Baadaye sana ndipo nilipoelewa mambo yalianza lini. Desemba 1990, miaka mitatu na zaidi kabla ya mauaji ya kimbari, gazeti la Kangura huko Rwanda lilichapa amri zake kumi za Wahutu dhidi ya Watutsi. Unajua tatu za kwanza zilihusu nini? Wanawake. Yupi si wa kuolewa, yupi ni mke na mama mwema, na jinsi wanawake wanavyopaswa kuwarudisha akilini waume, kaka na wana wao. Jeshi lilikuja chini zaidi kwenye orodha. Desemba 2003 mahakama ya Arusha iliwatia hatiani wawili wa redio ile na mmoja wa gazeti lile, na silaha ya wale wa redio ni hiyohiyo unayoikalia kila jioni saa moja.

Sisemi mzee wa Katuba ni wao. Wala sisemi ni mambo ya Rwanda peke yake. Waulize wazee wa hapo ulipo, kwa upole, neno "bilulu" lilitumika namna gani mwaka 1992 na 1993, kabla Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, hawajajazana kwenye stesheni ya treni ya Likasi na mabunda yao. Maana yake wadudu! Mtu ambaye jana mlikopeshana chumvi. Walioana na wenyeji, na ndoa hizo ndizo zilizopasuliwa kwanza.

Lakini barua hii sikuianza kwa ajili ya mzee. Nimemzungukia mzee kwa sababu linalofuata ni gumu kwangu.

Yule mama alipopata laini, mtoto alikuwa analia mgongoni mwake. Alisema, "Mimi nataka kumuuliza huyo papa, wakati wa kukimbia..." na mtoto akapandisha kilio. Nawe ukacheka kidogo, ukasema, "Mama, mtulize mtoto kwanza, halafu utatupigia tena." Ukaweka muziki. Hakupiga tena, au alipiga laini ikawa na mtu.

Ulipolisema hilo, mama yako aliinuka pale mezani akachukua ndoo. Maji ya ndani yalikuwa tayari yamejaa. Mdogo wako hakuelewa, mimi nilielewa.

Juni 2004 ulikuwa na miezi mitatu. Mji ulichukuliwa na waasi tarehe 2. Tulikuwa familia tatu katika chumba kimoja, taa zimezimwa, na viatu vya askari vinapita kwenye kichochoro, vinasimama, vinapita. Wanaume tulikaa upande mmoja na redio yangu, sauti chini kabisa, tukibishana kwa minong'ono nani anasonga kutoka wapi. Tulijiona tunafanya kazi. Ukaanza kulia. Nami nikamgeukia mama yako, nikasema kwa meno yaliyobana, "Nyamazisha huyo mtoto!" Mbele za watu. Yeye hakuwa amekula tangu jana yake, maziwa yalikuwa hayatoki, na hilo alilijua yeye peke yake katika chumba kile.

Hakunijibu. Alinyoosha mkono akaninyang'anya redio, akaisogeza sindano kutoka kwenye habari mpaka pasipo na stesheni yoyote, pale panapokwaruza tu kama mvua juu ya mabati, akaiweka karibu na sikio lako. Ulinyamaza. Mawe ya redio, yaani betri, yaliisha usiku ule, na wanaume wawili walinung'unika kwamba sasa hatutajua lolote.

Hatukuhitaji kujua lolote. Tulihitaji wewe unyamaze, na aliyejua namna ni mmoja. Nimekaa na jambo hili miaka yote hii bila kumwambia pole. Nimemwambia jana, baada ya kipindi chako. Alisema, "Ulikuwa mwoga, basi," akaendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo.

Februari ya 2025 ilikuwa vilevile, ila nilikuwa nimejifunza kidogo. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulipochukuliwa Ijumaa, wanaume wa mtaa walisimama barabarani kila mmoja na simu yake na mchambuzi wake. Mama yako alijaza madumu, akakopa maharagwe kabla bei haijaruka, akashona fedha kwenye upindo wa kitenge. Jumapili mji wenyewe ulipochukuliwa, sisi tulikuwa na maji. Safari hii nilibeba madumu mimi.

Basi hilo ndilo yule mama wa kwenye simu alitaka kuuliza, naona. Wakati wa kukimbia. Alikuwa na swali la vita kuliko wote waliopiga jioni ile, na mtoto wake hakuwa kelele juu ya swali, alikuwa swali lenyewe.

Unakumbuka nilikukatalia kazi hii. Nilikutajia Serge Maheshe, 2007, na Didace Namujimbo, 2008, wote waandishi wa habari wa Radio Okapi, wote walipigwa risasi hapahapa Bukavu, nikasema redio si kazi ya msichana. Mama yako akauliza, "Kwani hao walikuwa wasichana?" Nikakosa la kusema, ukapanda basi. Sijutii. Nakuombea tu. Na nakuomba siku moja uifungue laini kwa wamama kwanza, na watoto wao walie wanavyotaka, wazee wasubiri. Bosi wako akilalamika juu ya sauti chafu, mwambie baba yako ni fundi, anajua sauti chafu ni ipi.

Kodi ya chumba chako mwezi huu itachelewa. Mabenki ya huku yalifungwa ile Februari, nami nasubiri mtu anayevuka kwenda Kamembe, upande wa Rwanda. Mdogo wako ameipiga barua hii picha kurasa nne, usiikuze sana, mwandiko wangu umezeeka.

Jambo moja kutoka kwa mama yako. Anasema kilio kile si cha njaa, ni cha sikio. Mtoto mwenye njaa hapandishi vile halafu akakatika. Ukiwa na namba ya yule mama kwenye simu ya studio, mpigie, mwambie ampeleke mtoto akaangaliwe sikio. La kushoto, anasema, sijui amejuaje.

Ni mimi papa wako.