Kocha msaidizi asiondolewe kwa kuwa mkali

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na viongozi wa klabu za Pemba, hasa za madaraja ya chini.

Klabu yetu hapa Chake Chake ilipata kocha msaidizi mpya mwanzo wa msimu. Kijana, mkali, hakai kitako. Wachezaji waliozoea kuja mazoezini wakivuta miguu walimkuta keshapanga koni, filimbi mdomoni. Tangu siku hiyo manung'uniko hayaishi: anapiga kelele mno, anajifanya kocha mkuu, anawachosha watoto wa watu. Sasa nasikia wapo viongozi wanaotaka aondoke. Wakifanya hivyo watakuwa wameidhulumu timu.

Watazame anachofundisha. Zamani winga wetu akinyang'anywa mpira alisimama mikono kiunoni, beki ahangaike peke yake. Siku hizi mpira ukipotea mazoezini kocha huyu huanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na kabla hajafika sita walio karibu lazima wawe wameshamvamia mwenye mpira, wengine wakiziba njia za pasi. Wakishindwa, wote mbio hadi nyuma ya mstari wa kati. Katika mechi ya juzi winga yule yule alipokonywa mpira karibu na kibendera cha kona. Akaufukuzia mwenyewe, akateleza na kuutoa nje, na haujarushwa bado alikuwa keshainuka anamkaba mtu wake. Benchi zima lilisimama kumpigia makofi. Mpira wa namna hii unataka pumzi, na pumzi haiji kwa kupiga danadana.

Wanaodhani kazi ya msaidizi ni kubeba koni na kujaza maji wamkumbuke Hemed Suleiman 'Morocco', Mzanzibari mwenzetu aliyeifikisha Zanzibar Heroes, timu ya taifa ya Zanzibar, fainali ya Chalenji, kombe la Afrika Mashariki na Kati, mwaka 2017. Januari 2024, kwenye AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya Côte d'Ivoire, Taifa Stars ya Tanzania ilikuwa imefungwa 3-0 na Moroko, kocha mkuu Adel Amrouche akasimamishwa, na yeye, msaidizi, akakabidhiwa timu mashindano yakiendelea. Akatoka sare ya 1-1 na Zambia, kisha 0-0 na DR Congo. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshaipatia Stars tiketi ya AFCON iliyofuata.

Kocha wetu naye nina ombi kwake. Mbio kali siku mbili mfululizo, kwenye kiwanja kigumu kama chetu, zinaumiza misuli ya paja, na wengi wa vijana hawa huja mazoezini wametoka kuvua au, msimu ukifika, kuchuma karafuu. Siku nzito ifuatwe na nyepesi. Hilo kocha mkuu amwambie faraghani, si mbele ya wachezaji kama ilivyotokea.

Kamati ikutane na makocha wote wawili kabla ya mzunguko wa pili, iandike nani anafanya nini, kila mmoja apewe nakala yake. Msaidizi alipiwe nauli, kwa sababu sasa anajilipia mwenyewe, na apelekwe kozi ya leseni D ya ukocha ya CAF, shirikisho la soka la Afrika. ZFF, shirikisho la soka la Zanzibar, nayo tunaiomba ilete kozi hizo hapa Pemba, uwanja wa Gombani, mara kwa mara.

Mpenda soka,
Wawi, Chake Chake, Pemba