Asante, fundi wa Mwanga

Mdogo wangu uliyenikuta Jumamosi pale Mwanga, Kigoma, gari limegoma na mama yuko ndani anasubiri kupelekwa Ujiji: asante sana. Taa zilikuwa zinawaka vizuri, lakini nikizungusha ufunguo nasikia "ka!" tu. Nilishaambiwa ninunue stata nyingine, ile mota ya kuwashia injini, na mfukoni nina shilingi 30,000. Wewe uliigonga stata taratibu kwa mpini wa nyundo, gari likawaka, ukasema kaboni, vile vipande vya kupitisha umeme ndani ya stata, zimekwisha. Ukaifungua, ukanionyesha: zimebaki fupi kama kucha. Ukaweka mpya, ukapiga msasa kidogo kwenye shaba zinapogusa kaboni, nikalipa 12,000. Ungeweza kunitoza zote, wala nisingejua. Hata jina hukuniachia. Mama anakutaja kila swala.