Mutuachie na sisi kipande yetu mu new wave

Bwana Mhariri,

Nimesoma ile ukurasa yenu ya muziki, pale mwandishi wenu anasema eti rock na new wave (ile rock ya gitaa na kinanda ya umeme) ya miaka ya 80 ilikuwa mambo ya bazungu na mashini zao, sisi Bakongomani ilitupita kando. Hapana, papa! Labda alikuwa hajazaliwa.

Kwanza sisi wa Lubumbashi redio ya Zambia tulikuwa tunaishikaka bila shida, Duran Duran na The Police, bikundi ya Waingereza, tulibajua, kaseti zilikuwa zinakopiwa na kukopiwa mpaka mwimbaji anakuwa kama mwenye mafua, na ba-Indochine, kikundi ya Ufaransa, pia na ile L'Aventurier yao ya 1982, wimbo juu ya Bob Morane, shujaa wa hadithi, sasa nani hakusoma Bob Morane, vile vitabu vya Mubeleji vilijaa mu biblioteki ya bapadri.

Lakini hiyo ni kusikiliza tu. Mimi nataka tuongee Ray Lema, mwanamuziki wetu. Muzaliwa wa Lufu-Toto kule Bas-Congo, 1946, aliingia seminari ndogo akitaka kuwa padri, kule njo alijifunza kupiga orgue (kinanda ya kanisa), kisha mu miaka ya 70 akashika muziki ya Ballet National ya Zaïre, ngoma za makabila zikaingia mu kichwa yake zote. 1979 akaenda Marekani, nyuma akahamia Ufaransa. Basi Stewart Copeland, ule mupiga batri (ngoma) wa The Police, kisha kikundi kutoa Synchronicity mwaka 1983 kila mutu akaanza kufanya yake, yeye akazunguka Afrika akatoa disk The Rhythmatist, 1985, na ile sauti munasikia mule ni ya nani? Ya Ray Lema. Mukongomani wetu, ndani kabisa ya disk.

Na Talking Heads wa New York je? Ile Remain in Light ya 1980, yenye Brian Eno, produsa Mwingereza, alibatengenezea, banajulikana walikuwa banasikiliza Fela Kuti wa Nigeria usiku na mchana. Mupige ile disk musikie: gitaa moja inarudilia kakitu kadogo, ingine inajibu, akordi haibadiliki karibu wimbo nzima. Mutu mwenye kuzoea seben (ile kipande ya gitaa ya kuchezea mu rumba yetu) anaelewa mara moja.

Mashini, sawa, DX7 ya Yamaha, kinanda ya umeme, ilitoka 1983 ikajaa kila fasi. Na si kila kikundi kilikuwa kizuri, kuna bengine kazi yao kubwa ilikuwa nywele. Hiyo nakubali.

Sasa naomba kitu kimoja: muandike Ray Lema ukurasa nzima, na picha, batoto ba mitaa yetu ya Kamalondo na Katuba bamujue. Nafasi ikikosa mutoe ile tangazo ya bia, kila juma tunaionaka, tumeshaishika kwa kichwa.

Musomaji wenu wa Katuba, Lubumbashi