Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, mawakala wa miamala na wasajili wa laini wa Mwanjelwa, Kabwe, Uyole na Mbalizi,

Mahesabu atayasoma mhazini. Mimi muda wangu nautumia kwenye daftari.

Nasema lile la kaunta: jina la mteja, namba ya simu, kitambulisho, kiasi, saini. Limetuokoa mara nyingi mteja anapokana muamala. Lakini mwaka huu kijana mmoja alisimama kwenye kibanda cha mwenzetu kana kwamba anasubiri chenji, akapiga picha kurasa mbili. Jioni ileile wateja wakaanza kupigiwa simu na mtu anayewataja majina na kiasi walichotoa. Mama mmoja muuza viazi alimwamini, mtaji wake wote ukaondoka. Nilikwenda kumwona nyumbani. Bado naumia.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, wengi wetu tuliichukulia kuwa ya mabenki na hospitali. Hapana. Inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi linalojulikana, zitumike kwa kusudi hilo na zitunzwe salama, na kibanda chenye meza moja hakijaachwa nje. Kamati imeamua: daftari likae upande wa wakala, kurasa zilizopita zifunikwe, usiku lifungiwe. Na yeyote atakayetumia namba ya mteja kumtongoza au kumtangazia biashara nyingine, hatutamtetea.

Wakongwe mnakumbuka enzi simu ilipokuwa na tume yake na utangazaji una yake. Njia iliyobeba sauti ilipoanza kubeba na picha, mgawanyo huo ukakosa maana. Sheria ya mwaka 2003 ikaziunganisha tume hizo chini ya TCRA, mamlaka ya kusimamia mawasiliano, na mwaka 2005 leseni zikaanza kutolewa kwa kufuata aina ya huduma badala ya aina ya mtambo. Naona palikuwa na busara hapo, kwa kuwa mitambo hubadilika kila mwaka, huduma ni ileile.

Kwenye fedha, sheria ilikuja nyuma. Miamala ya simu ilianza nchini mwaka 2008, Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ikatungwa mwaka 2015. Katikati hapo kampuni zilikuwa na barua za Benki Kuu za kutokuwa na pingamizi. Wakala hakuwa na barua yoyote. Floti, yaani fedha ya wakala ya kufanyia miamala, ikipotea, ilikuwa hasara yake na watoto wake.

Kisha usajili wa laini kwa alama za vidole, kuanzia Mei 2019, na laini zisizosajiliwa hivyo kuanza kuzimwa Januari 2020. Tuliokuwa kwenye foleni zile tuliona wazee kutoka Umalila wenye vidole vilivyosuguliwa na jembe hadi mashine haisomi kitu. Wakarudi kesho, na keshokutwa, kwa nauli ya kukopa. Huko huko tukaona na wizi mpya: "weka tena kidole, haijasoma," kumbe inasajiliwa laini ya pili. Wanachama wawili tumewafuta kwa jambo hilo mwaka huu. Kila mteja aonyeshwe *106# aone laini zilizo kwa jina lake, na ujumbe wa kitapeli autume 15040.

Kanuni za mawasiliano hurekebishwa mara kwa mara. Za maudhui ya mtandaoni zilitoka mwaka 2018, zikaandikwa upya 2020, zikaguswa tena 2022. Wadau huitwa kutoa maoni, nasi hatujawahi kupeleka hata ukurasa mmoja, ilhali ofisi ya kanda ya TCRA iko hapa hapa Mbeya.

Naomba mkutano uchague watu watatu leo, mmoja awe mwanamke anayesajili laini vijijini, waandike maoni yetu juu ya wazee wasiosomeka vidole na juu ya wakala anayepoteza floti bila kosa lake. Rasimu isomwe kwenye kikao cha robo mwaka kijacho.

Mwenyekiti,
Mbeya