Mchongo wa jiwe la kaburi hudariziwa kwa kivuli chake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenzangu wanaodarizi nakshi za mawe ya kale ya kaburi, hasa yale ya New England, kaskazini mashariki mwa Marekani: mafuvu yenye mabawa, makerubi, yaani nyuso za malaika zenye mabawa, na magudulia yaliyofunikwa na matawi ya wilo, mti ambao matawi yake huning'inia. Anayeanza kazi hii kwa kawaida huambiwa alipake jiwe chaki ili mistari ionekane, alipige picha, anakili mistari hiyo, kisha aishone yote kwa uzi mweusi juu ya kitambaa cheupe. Ushauri huo una makosa mawili. Moja linaumiza jiwe, na jingine linaua darizi.

Nianze na jiwe, maana kitambaa kikiharibika kinafumuliwa lakini jiwe halifumuliwi. Chaki ina chembe ngumu zinazokwaruza, na unga wake hubaki ndani ya vitundu hata baada ya mvua nyingi. Unga wa ngano, ambao wengine huupaka badala ya chaki, hulisha kuvu, nao ukilowa huvimba ndani ya nyufa. Povu la kunyolea, linalotumiwa vivyo hivyo, lina asidi ya mafuta ambayo maji matupu hayaitoi. Brashi ya waya isitajwe kabisa. Kulaza karatasi juu ya jiwe na kulisugua kwa kalamu ya nta kunaonekana ni jambo la upole, lakini mawe mengi ya sleti, jiwe la kijivu la tabaka tabaka, yamekwisha kuachana tabaka kwa ndani: maji huingia, huganda wakati wa baridi, hutanuka, na uso wa jiwe hubaki umeshikiliwa na kidogo tu. Mkono ukikandamiza hapo, kipande chenye bawa zima kinaweza kudondoka. Ndiyo maana katika makaburi ya kihistoria ya jiji la Boston kusugua hakuruhusiwi, na sheria ya jimbo la New Hampshire inataka kibali cha maandishi kwanza kwa makaburi ya umma.

Na wala huhitaji kuligusa. Unachohitaji ni mwanga wa ubavuni, yaani mwanga unaopita karibu sambamba na uso wa jiwe. Mawe mengi ya zamani hutazama mashariki au magharibi, kwa hiyo saa za karibu na adhuhuri jua huteleza juu ya uso wake badala ya kulipiga usoni, na michongo ambayo asubuhi haikuonekana hujitokeza. Jiwe likiwa kivulini, mwenzako asimame kando yake na kioo kirefu, hatua chache kutoka kwenye jiwe, aurushe mwanga wa jua upite usoni mwa jiwe kwa mshazari mdogo, usiozidi digrii 30. Chini ya hapo mistari myembamba huonekana zaidi, ila vivuli vya sehemu zilizoinuka sana hurefuka na kufunika za jirani. Piga picha mbili, moja mwanga ukitoka kushoto na nyingine ukitoka kulia. Lenzi iwe sawa na katikati ya mchongo na kamera isiinamishwe, la sivyo tao la juu litasinyaa upande mmoja nawe utashona kosa hilo ukidhani ni la mchongaji. Weka rula ardhini mbele ya jiwe, katika picha hiyo hiyo. Usiiegemeze kwenye jiwe.

Mwanga utoke juu au ubavuni, usitoke chini. Macho yetu yamezoea mwanga wa kutoka juu, kwa hiyo picha iliyomulikwa kwa tochi kutoka chini huligeuza shimo kuwa kinundu na kinundu kuwa shimo. Mtu akishona kutoka kwenye picha ya namna hiyo, mashimo ya macho ya fuvu yataonekana yametokeza nje.

Sasa nije kwenye kosa la pili, ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Mchongaji hakuchora mstari. Alichimba mfereji, na unachokiona wewe ni kingo mbili za mfereji huo, moja ikiwa gizani na nyingine ikiwa mwangani. Ukishona mstari mmoja mweusi mahali pa mfereji, umeondoa nusu ya alichokifanya, na matokeo yake ni mchoro wa kalamu. Mwanga ukitoka kushoto juu, ukingo wa kushoto wa mfereji huwa na kivuli na ukingo wa kulia hung'aa. Kwa umbo lililoinuka ni kinyume: kushoto kunang'aa, kulia kuna kivuli. Kila mshono wa kazi nzima uitii kanuni hiyo. Ukigeuza upande mmoja tu wa bawa, jicho la mtazamaji litasumbuka hata kama yeye mwenyewe hajui sababu.

Kwa vitendo ni hivi. Chagua kitambaa chenye rangi ya jiwe lenyewe, wala si cheupe: kitani cha kijivu cha kati au cha kijivu chenye ubuluu kwa sleti, cha kahawia nyekundu kwa jiwe la mchanga. Kitani chenye nyuzi 28 kwa inchi kinatosha. Chukua rangi mbili za uzi wa pamba wa kudarizi, ule unaogawanyika mara sita: moja iwe nyeusi kuliko kitambaa kwa daraja mbili au tatu, nyingine iwe nyepesi kwa kiasi hicho hicho. Rangi ya tatu ni kitambaa chenyewe. Nyeusi kabisa iwekwe akiba kwa mashimo ya macho na pua ya fuvu, na hata hapo itumike kidogo.

Ukingo wa giza ushone kwa mshono wa shina, ule ambao kila hatua hulala ubavuni mwa iliyotangulia kama kamba iliyosokotwa, nyuzi mbili pamoja, kila hatua milimita 3. Kwenye mpindo mkali punguza hadi milimita 2, maana hatua ndefu hukata kona na unyoya wa bawa hugeuka kuwa jino la msumeno. Kisha acha nafasi ya milimita moja tupu, na upande wa pili ushone ukingo wa mwanga kwa uzi mmoja tu wa rangi nyepesi, kwa mshono wa kurudi nyuma, ule ambao sindano hurudi kwenye tundu la mshono uliotangulia. Nafasi tupu katikati ndiyo sakafu ya mfereji. Wengi huijaza kwa kuona kama kazi haijakamilika, na hapo hapo kina kinapotea. Mstari wa mwanga pia usiende mfululizo. Ukatike pale ambapo mfereji unaelekea sambamba na mwanga, kwa sababu mfereji wa namna hiyo hauna kivuli wala mng'ao.

Kipimo huwapoteza watu mapema. Tuseme tao la juu la jiwe lina upana wa sentimita 50 nawe unataka darizi ya sentimita 20. Umepunguza hadi asilimia 40, kwa hiyo manyoya yaliyoachana kwa milimita 4 kwenye jiwe yatakuwa na milimita 1.6 kwenye kitambaa. Mshono wa shina wa nyuzi mbili peke yake unachukua kama milimita moja, na ukingo wa mwanga hautapata pa kukaa. Hapo una njia tatu: kukuza kazi, kushona kwa uzi mmoja, au kuondoa unyoya mmoja katika kila miwili. Mimi naona bora kuondoa, mradi safu za bawa zibaki na idadi ile ile, kwa sababu safu ndizo zinazolitambulisha bawa la mchongaji fulani, wala si wingi wa manyoya. Usichore nusu moja na kuikunja ili upate ya pili. Wachongaji walitumia mkono na jicho, na bawa la kushoto karibu kila mara huzidi la kulia kwa kitu fulani, labda unyoya mmoja, labda mwinamo wa bega.

Aina ya nakshi ndiyo iamue mshono. Wanaakiolojia Edwin Dethlefsen na James Deetz, katika utafiti wao wa makaburi ya Massachusetts uliochapishwa mwaka 1966, walionyesha jinsi fuvu lenye mabawa lilivyotawala kwanza, kisha kerubi likashika nafasi yake katika karne ya 18, halafu gudulia na wilo kuanzia mwishoni mwa karne hiyo. Fuvu ni kazi ya mistari mikali, na kanuni ya kingo mbili inalitosha. Kerubi lina mashavu, kwa hiyo linataka kuinuliwa. Kata felti ya sufu, kitambaa kinene kisichofumwa, vipande vitatu vya umbo la shavu, kila kimoja kikiwa kidogo kuliko kingine kwa milimita 2. Kidogo kabisa kikae chini na kikubwa kabisa kije juu, ili kifunike ngazi zote. Ukiweka kikubwa chini, kingo zitaonekana juu ya uso kama matuta. Bana kila kipande kwa mishono midogo kuzunguka ukingo, kisha funika kwa nyuzi zilizolazwa bega kwa bega. Uzi mmoja usivuke zaidi ya sentimita moja bila kubanwa, maana utalegea na kunasa kwenye kila kitu. Shavu likiwa pana zaidi ya hapo, gawa safu na uingize ya pili ndani ya ya kwanza kwa urefu usiolingana, ili mpaka kati ya safu hizo usionekane.

Gudulia na wilo vina undugu wa zamani na sindano. Baada ya George Washington kufariki mwaka 1799, wasichana katika shule za Marekani walidarizi picha za maombolezo kwa hariri juu ya hariri: kaburi, gudulia, mti wa wilo na mtu anayelia, huku nyuso na anga zikipakwa rangi ya maji badala ya kushonwa. Anayetaka kuona jinsi majani ya wilo yanavyotulia kwenye kitambaa atazame picha hizo. Kila tawi hapo ni mfululizo wa mishono mifupi inayoteremka, na yanatofautiana kwa mwelekeo zaidi ya rangi.

Kwa anayeanza kabisa, ningemwambia aache fuvu kwanza. Aangalie nguzo za pembeni za mawe ya ukoo wa Lamson wa Charlestown, Massachusetts, ulioanza kuchonga na Joseph Lamson mwishoni mwa karne ya 17. Zimejaa matunda, maboga na majani yanayopanda kutoka chini hadi juu. Ukanda mmoja wa upana wa sentimita 5 unakufundisha mwanga na kivuli kwenye tunda la mviringo, na ukikosea tunda moja unafumua hilo tu.

Sehemu zilizochakaa zishonwe zikiwa zimechakaa. Jiwe la marumaru hupoteza uso wake kwa mvua yenye asidi, chembe zikaachana kama sukari, na nakshi hubaki kama kivuli cha kivuli. Hapo tumia mishono ya mbegu: vijiti vya milimita 2 vya uzi mmoja, vilivyotawanywa bila mpangilio, vikiachana kwa milimita 2 penye giza na kufika milimita 6 mahali nakshi inapotoweka. Vikipangwa kwa mistari hugeuka kuwa kitambaa cha vidoa. Madoa ya kuvumwani, ule ukoga mkavu wa kijivu au wa rangi ya chungwa unaoshika mawe, yanafaa kwa mafundo madogo yaliyosongamana. Mawili au matatu yanatosha. Yakizidi, mtu hataiona nakshi, ataona mafundo tu.

Kuhusu kunakili: penseli ya kawaida huchafua uzi mwepesi. Wino unaofutika kwa maji uoshwe kwa maji baridi kabla ya pasi, kwa sababu joto huugandisha, na ule unaofutika kwa joto unaweza kurudi kitambaa kikipata baridi kali. Juu ya kitambaa cha giza mimi hupendelea karatasi ya shashi. Chora juu yake, ipige bandi kwenye kitambaa, pitisha bandi nyingine nyembamba juu ya mistari yote, kisha ichane na kuitoa. Ni kazi ya ziada, lakini haiachi alama. Uzi usizidi sentimita 45, vinginevyo utachoka na kutoa manyoya kabla haujaisha. Nyuma ya kazi usiruke na uzi wa giza zaidi ya sentimita moja, maana utaonekana kupitia kitani. Fremu ya duara itolewe kila unapoacha kushona, na mwishoni piga pasi upande wa nyuma, kazi ikilala kifudifudi juu ya taulo nene, mashavu ya kerubi yasije yakabonyea.

Herufi ziachwe na kasoro zake: s ndefu inayofanana na f, neno lililokosa nafasi na kumaliziwa juu ya mstari. Lakini jina na tarehe za marehemu mimi naona visishonwe pasipo idhini ya jamaa zake, kama wapo wanaojulikana. Nakshi ilikuwa ya mchongaji, naye aliirudia kwenye mawe mengi. Jina lilichongwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Nina ombi moja kwako, Mhariri. Mtakapochapa vielelezo vya kudarizi vinavyotokana na michongo, msichape mistari peke yake. Wekeni picha ya jiwe kando yake, na mshale mdogo pembeni unaoonyesha mwanga ulikotoka.

Wako,
Mdarizi na msomaji wa gazeti lako