Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Huldah Momanyi Hiltsley: ramani ya mipaka ya maeneo bunge ya 2032 tusingoje ichorwe ndio tuamke

Mheshimiwa, salamu nyingi kutoka hapa Brooklyn Park, Minnesota. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi, kwanza kwa sababu najua utasoma bila shida, pili kwa sababu watu nataka wasikie haya maneno wako kwa magrupu ya WhatsApp ya kanisa na ya chama, na ukiwatumia kitu cha Kiingereza kinaongea mambo ya bunge la jimbo wengi wanapita tu, wanaenda kwa harambee na matangazo ya msiba.

Sijakuja na lawama. Ulipochaguliwa Novemba 2024, Mkenya wa kwanza kuingia Bunge la Minnesota, sisi hapa tulishangilia mpaka majirani wakauliza kama ni arusi. Lakini shangwe imetulia na kuna jambo moja linanisumbua, hakuna mtu analiongea kwa sababu bado liko mbali, na mimi naona hiyo ndiyo sababu ya kuliongea sasa. Ni mipaka ya hili eneo bunge letu.

Uliza watu kumi hapa wako eneo gani la bunge, watakwambia Brooklyn Park. Ukisema 38A wanakuangalia. Na siwalaumu, kwa sababu eneo lenyewe halina jina, lina namba, na hiyo namba haikai. Angalia mzee Michael Nelson aliyekuwa hapo kabla yako. Alikaa bungeni miaka 22, kuanzia Januari 2003 mpaka Januari 2025, mtu yule yule wa Brooklyn Park, lakini alianza akiwa wa 46A, 2013 akawa wa 40A, 2023 akawa wa 38A. Marehemu Melissa Hortman naye, huyu mama tuliyempoteza, alikuwa wa 47B, halafu 36B, halafu 34B, na mji ni huu huu. Kila miaka kumi namba zinachanganywa, na sio namba tu, laini yenyewe inasogea, unaamka asubuhi mwakilishi wako ni mtu mwingine na hujahama hata chumba.

Kwetu Kenya si hivyo. Kwa maeneo bunge ya Nyamira, Borabu ni Borabu, Kitutu Masaba ni Kitutu Masaba, hata mtoto wa darasa la nne anajua. Wakati Kenya ilitoka maeneo bunge 210 ikaenda 290, kelele ilikuwa kila mahali, wazee wakaenda kortini, watu wakagombana juu ya kijito gani kiwe mpaka, na hata saa hii watu bado wanaulizana ile kazi ya mipaka iliyofaa kuisha Machi 2024 itafanywa lini. Sisemi kwetu mambo ni masafi, ebu, sote tunajua. Nasema tu kwamba kwetu mpaka unajulikana ni siasa, na hapa tulipo sisi wahamiaji tunauchukua kama hali ya hewa, umekuja umekuja.

Sasa wacha nieleze wale hawajui hii kitu inaendaje, na wewe Mheshimiwa unisamehe maana unajua kuliko mimi. Bunge la chini lina viti 134, Seneti ina 67. Kila eneo la seneta linakatwa mara mbili, A na B, ndio maana wewe uko 38A, Samantha Vang yuko 38B, na Seneta Susan Pha anawabeba nyote wawili. Kila baada ya sensa wanachukua watu wote wa Minnesota wanagawanya kwa 134. Sensa ya 2020 ilipata watu 5,706,494, kwa hivyo kila eneo lilifaa kuwa na watu karibu 42,586. Kwa sensa ya 2010 kila eneo lilikuwa 39,582 hivi. Watu wakiongezeka mahali, laini inavutwa ndani, wakipungua inasukumwa nje. Huwezi kuacha ikae tu, na Minnesota ilishawahi kuiacha, kuanzia 1913 mpaka 1959 bunge halikugusa ramani, mji ukajaa watu na shamba likabaki na viti vyake, mpaka korti ya shirikisho ikaingilia 1958.

Kisheria kazi ya kuchora ni ya bunge na gavana. Lakini ni lini bunge la hapa limemaliza hiyo kazi lenyewe? Kila sensa tangu ile ya 1970 imeishia kwa majaji. 2002 majaji, 2012 majaji, 2022 tena majaji, jopo la watu watano walitoa ramani tarehe 15 Februari 2022 kwa sababu Bunge la chini lilikuwa la DFL, yaani chama cha Democrat cha hapa Minnesota, Seneti ya Republican, na hakuna aliyekubali ya mwenzake. Watu wengine wanasema hiyo ni bahati yetu, afadhali jaji kuliko mwanasiasa kujichorea kiti, na ukiangalia vile majimbo mengine wanachinja ramani mimi nakubali kidogo. Wale majaji walisema wazi hawachori kulinda aliye kwa kiti wala kumtoa, na walijaribu kubadilisha kidogo iwezekanavyo. Lakini hiyo "kidogo" nayo ina shida yake, kwa sababu ukianza na ramani ya zamani, iliyochorwa wakati wengi wetu hatukuwa hapa au hatukuwa na uraia, basi yale makosa ya zamani yanabebwa mbele na yanaitwa utulivu.

Na hapa ndio nataka tukae kidogo. Chukua kalkuleta. Brooklyn Park kwa sensa ya 2020 ilikuwa na watu 86,478. Eneo moja la seneta linafaa kuwa na kama 85,172. Tofauti ni watu 1,306, asilimia moja na nusu, na wale majaji walikubali asilimia mbili juu au chini. Yaani huu mji peke yake, bila kuongeza wala kupunguza mtu, unatosha kuwa eneo moja la seneta na maeneo mawili ya bunge, A na B, kila kitu ndani. Badala yake tumekatwa. Kipande kiko 34B pamoja na watu wa Champlin na Coon Rapids, kipande kiko kwako 38A pamoja na Osseo, kipande kiko 38B pamoja na Brooklyn Center. Sasa tukiwa na shida moja ya mji mzima, tuseme reli ile wameongea miaka na miaka au usalama kwa yale maapatimenti, tunaenda kwa nani? Kila mmoja ana kipande, na kila mmoja ana mji mwingine wa kusikiliza pia.

Najua utaniambia kuna upande wa pili, na ni kweli upo. Ukikusanya Brooklyn Park yote pamoja, Brooklyn Center na watu wake 33,782 wanabaki pungufu karibu elfu tisa, lazima waongezewe kutoka mji mwingine, na pengine watagawanywa wao ndio sisi tukae vizuri. Osseo nayo, ka-mji kadogo kalichokaa katikati yetu na Maple Grove, itasukumwa upande wa Maple Grove. Na kuna wale wanasema afadhali kuwa na wawakilishi watatu kuliko wawili. Mimi siamini hiyo ya watatu, mtu akiwa na kipande kidogo cha mji wako simu yako haimkimbizi sana, lakini naweza kusikiliza. Shida yangu ni kwamba hatujawahi kukaa chini kama mji tukabishana hivyo. Oktoba 2021 majaji walizunguka jimbo wakisikiliza wananchi kabla ya kuchora, wakauliza kabisa watu wa jamii moja wako wapi na wasikatwe wapi, na kati ya watu ninaowajua mimi hapa hakuna hata mmoja alisikia. Tulikuwa kazini. Wengi wetu tunafanya nasing home na grup home, tunapiga shifti mbili, mkutano wa saa nane mchana siku ya Jumanne huo ni mkutano wa wengine.

Kuna jambo lingine nataka nilimalize kabla watu waanze kunijibu vibaya kwa grupu. Nimesikia wenzetu wakisema, sasa tuko na mtu wetu, 2032 wachore kiti cha Wakenya. Hapana jamani. Kwanza hatuko wengi hivyo, pili wewe hukuchaguliwa na Wakenya peke yao, ulichaguliwa na Waliberia, na Wahmong wa kutoka Laos, na wazungu wazee wa Osseo, na Waamerika weusi, na ukianza kuchora laini kufuata nani alitoka wapi utachora mpaka uingie kwa sebule za watu. Ninachotaka ni mji usikatwe bila sababu. Huyo mwakilishi akitoka Laos au Monrovia au Nyamira, ni sawa.

Halafu sensa. Hapa Mheshimiwa nakuomba uweke nguvu hata kuliko ramani, kwa sababu ramani inachorwa kwa wale walihesabiwa. Sensa inahesabu kila mtu anayeishi hapa, awe raia, awe na green card, awe hana karatasi. Agosti 2025 Rais Trump alisema anataka sensa isiyohesabu watu wasio na karatasi, na hata kabla hiyo haijaenda popote imeshafanya kazi yake, watu wanaogopa. Nyumba moja ina watu tisa, fomu inajazwa wanne. Na wengi hawajui kwamba sheria inafunga majibu yako miaka 72, hata uhamiaji hawapewi. Kama mtu anadhani watu watano hawaleti tofauti, akumbuke 2020 Minnesota ilibaki na viti vyake vinane vya Congress, bunge la taifa, kwa watu 26. Ishirini na sita! Hawajazi hata matatu mbili. New York wangepata watu 89 zaidi kile kiti kingekuwa chao.

Na kama mtu anadhani kiti kimoja cha bunge la jimbo ni kitu kidogo, basi hakuangalia 2025. Uchaguzi uliwaleta 67 kwa 67, kitu ambacho hakijaonekana tangu 1979, wiki kadhaa hakuna aliyejua nani ni spika. Halafu tarehe 14 Juni mtu akaenda usiku nyumbani kwa Melissa Hortman, hapa hapa Brooklyn Park, akamuua yeye na mume wake Mark, baada ya kuwapiga risasi Seneta John Hoffman na mkewe Yvette kule Champlin. Sitaki kutumia huo msiba kama hoja, Mungu aniepushe. Nasema tu kwamba miezi mitatu watu wa 34B walikaa bila mtu, mpaka uchaguzi wa tarehe 16 Septemba uliomleta Xp Lee, na kuna watu wa mji huu, mji wao wenyewe, waliokuwa wanaulizana kama wao wanapiga kura siku hiyo ama hapana. Wengine walienda kituoni wakarudishwa kwa sababu laini inapita upande wa pili wa barabara.

Sasa ninachoomba. 2026 viti vyote 201 viko kwa kura, na mtakuja kwa makanisa yetu kuomba kura kama kawaida, karibuni sana. Mkija, njoo na ramani iliyochapishwa, kubwa, ya mji wote na vipande vyake, uibandike ukutani, watu waonyeshwe kwa kidole wako wapi. Ya Kiswahili iwepo, sio ya Google iliyotafsiriwa hadi mtu anacheka. Halafu useme wazi msimamo wako juu ya ile tume huru ya mipaka, kwa sababu miswada imeletwa mara kadhaa na inakwama, na hiyo ikipita bungeni lazima iende kwa wananchi kama mabadiliko ya katiba, na hapa sheria ni kwamba ukiacha hiyo sehemu wazi kwa karatasi imehesabiwa umesema hapana. Watu wetu wanaacha sehemu ya nyuma wazi kila mara. Nani atawaambia?

Tena nataka utwambie wewe binafsi, kwa sauti, kwamba ukiwa bado kwa hicho kiti wakati wa kuchora hutaomba laini ifuate nyumba yako. Nakuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye nakuamini, na nitawauliza Vang na Lee na Seneta Pha vile vile. Bunge na gavana watakaochaguliwa Novemba 2030 ndio watapewa kalamu, na Februari 2032 kalamu inachukuliwa, wawe wamemaliza au majaji wamemalizia. Huo muda unaonekana mrefu lakini ile kamati ya mji ya kuhamasisha sensa inafaa kuanza kitambo kabla ya 2030, na viti vyake vikijazwa na watu wale wale wa kila siku tutakuwa tumechelewa tena.

Jumamosi jioni au Jumapili baada ya ibada ndio wakati mzuri kwa watu wetu. Ukumbi tutatafuta sisi, chai na mandazi tutaleta, wewe njoo na ramani na umlete mtu mmoja wa ofisi ya bunge anayejua hizi hesabu vizuri, aje ajibu maswali, na asiwe na haraka ya kwenda kwa sababu maswali yatakuwa mengi na yule mzee wetu wa chama akishika maikrofoni unajua mwenyewe. Tarehe utupatie wewe.

Wako,
mpiga kura wa 38A, Brooklyn Park